Naiambiaje akili mnemba iniandikie muhtasari wa kikao unaofaa?

KatibuKwaBahati:
Wakuu habari. Mimi ni katibu wa kamati moja kazini. Kikao kikiisha nachapa maelezo yangu harakaharaka, nabandika ChatGPT na kuandika: "Fupisha kitaalamu." Inarudisha vitu kama "Kikao kilifanyika katika mazingira ya ushirikiano na wajumbe walijadili masuala mbalimbali muhimu." Ushirikiano gani? Watu wawili karibu washikane mashati kwa ajili ya bajeti! Halafu kazi ambayo sikuandika anaifanya nani, yenyewe ikampa mhazini. Nimejaribu kuanza na "wewe ni mwandishi bingwa mwenye uzoefu wa miaka 20", sentensi zikarefuka tu. Kuna watu wanauza orodha za maagizo tayari ya kuibandikia mashine. Zinasaidia?

Mzito_wa_Kuamini:
Usinunue. Aliyeiandika orodha hiyo haijui kamati yako.

KalamuNyekundu:
Ndugu Katibu, kazi yangu ni kuhariri ripoti za watu, na siku hizi nyingi ninazoletewa zimeshapita kwenye mashine. Hayo "mazingira ya ushirikiano" nayafuta kila wiki. Programu hizi zimefunzwa kubashiri kipande cha maneno kinachofuata, kwa kutumia maandishi mengi mno yaliyotangulia. Ukisema "kitaalamu" ukanyamaza, unapewa kile kilichojaa kwenye mihtasari ya watu wote, na mingi, tuseme ukweli, ni porojo. La mhazini ni ugonjwa huohuo: imekuta pengo, ikaliziba kwa jina linaloelekea. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, kwa hiyo usidhani ni jambo la kamati ndogo.

Mimi ningeanza na msomaji. Nani atausoma, na akishausoma afanye nini? Kwako nadhani ni wajumbe waliokosa kikao. Basi jaribu hivi:

"Haya ni maelezo niliyoandika haraka kikaoni. Andika muhtasari kwa wajumbe ambao hawakuwepo. Anza na maamuzi, kisha kazi zilizogawiwa (nani, nini, lini), mwisho hoja zilizokosa mwafaka, na kila upande ulisema nini. Tumia yaliyomo kwenye maelezo yangu tu. Jina au tarehe ikikosekana, andika HAIJATAJWA. Usieleze hali ya kikao. Usizidi maneno 250."

Hiyo HAIJATAJWA ndiyo naipenda kuliko yote. Bila ruhusa ya kuacha wazi, mashine hujaza. Haimalizi uzushi wote. Majina na tarehe bado uyapitie na daftari mkononi.

Baada ya hapo, ipe kielelezo. Tafuta muhtasari wa zamani ulioandika mwenyewe ukaridhika nao, pamoja na maelezo ghafi uliyoyatumia, ubandike vyote juu ya maelezo mapya. Mwaka 2020, OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, walipoitambulisha GPT-3, programu iliyoitangulia, walionyesha kuwa mifano michache ndani ya agizo huboresha majibu katika kazi nyingi bila kuifunza upya. Mfano mmoja unabeba urefu wa sentensi zako, mnavyowataja wajumbe, mpangilio wa vichwa. Kuyaeleza hayo yote kwa maneno ungechoka.

Hesabu_Kali:
Na kuongeza "fikiri hatua kwa hatua" kwenye agizo mmeisahau? Ilikuwa inasifiwa sana.

KalamuNyekundu:
Haikusifiwa bure, mkuu. Tafiti za 2022 zilionyesha inainua sana matokeo kwenye hesabu na mafumbo ya mantiki. Lakini miundo mipya ya akili mnemba, iliyofunzwa kufikiri kabla ya kujibu, hufanya hatua hizo yenyewe, na muhtasari si hesabu. Kwa kazi hii ni afadhali uzigawe hatua wewe. Kwanza: "Orodhesha maamuzi yote, na chini ya kila moja nakili sentensi ya maelezo yangu uliyoitegemea." Unaisoma orodha, unafuta la uongo, ndipo unaomba muhtasari. Uamuzi usio na sentensi nyuma yake utauona papo hapo.

Kuhusu "mwandishi bingwa": cheo hubadilisha mtindo wa lugha, hakileti taarifa ambayo hukuitoa.

Mama_Faragha:
Naongeza moja. Kama waligombana, usibandike majina yao. Andika Mjumbe A, Mjumbe B, urudishe majina kwenye nakala yako. Na mpangilio wa huduma unayotumia uuangalie, huenda mazungumzo yako yanatumika kuifunza.

KatibuKwaBahati:
Asanteni sana. Nimejaribu agizo la Kalamu. Porojo zimekwisha na ugomvi wa bajeti umeandikwa vizuri, pande zote mbili. Ila sehemu ya kazi imejaa HAIJATAJWA mpaka naona aibu kuisambaza.

KalamuNyekundu:
Hizo mpelekee mwenyekiti kwanza, akuambie nani anafanya nini. Kisha bandika majibu yake kwenye mazungumzo hayohayo na uandike: "Badilisha sehemu ya kazi tu, kwingine usiguse hata neno." Usipoiwekea mpaka huo inaweza kuandika upya muhtasari mzima, na itabidi uanze kuhakiki upya.