Bodi ya 240Z haikai kwenye chesisi: nisage, nibane kwa gundi au nijaze puti?

Pongwe_Z
Wakuu, salaam. Nina modeli ya Datsun 240Z mezani, ya plastiki ya kuunga mwenyewe, ile ya mashindano ya magari ya Safari. Bodi haikai kwenye chesisi. Nikiibana mbele, nyuma inanyanyuka. Nikiibana nyuma, mbele inabaki wazi. Naona njia tatu: kusaga kwa ndani, kuibana kwa gundi kali na vibanio mpaka ikubali, au kuiacha ilivyo nijaze pengo kwa puti. Ipi bora? Nataka nimalize kabla ya Ijumaa.

FundiTupa
Mkuu, umeuliza dawa, ugonjwa hujautaja. Skeli gani, 1/24 au 1/25? Pengo milimita ngapi, na liko wapi? Bodi imeshapigwa rangi? Kioo cha mbele umeshakigandisha? Beseni la ndani, lile lenye viti na dashibodi, umeligandisha kwenye chesisi au bado liko huru?

Ngamiani_14
Puti. Ipo kila duka la rangi za magari, na kopo dogo kabisa halitakwisha.

Pongwe_Z
Skeli 1/24, boksi la Kijapani. Kampuni siitaji, huenda kosa ni langu. Pengo liko chini ya milango, kulia zaidi. Bodi ina rangi tayari, nyekundu na boneti nyeusi. Vioo vimeshaganda.

FundiTupa
"Kulia zaidi" si kipimo. Nenda kwa fundi yeyote wa pikipiki akuazime fila geji, vile vyuma vyembamba vya kupimia nafasi anavyotumia kwenye tapeti. Chomeka vyuma vyake kwenye pengo, mbele ya mlango, katikati na nyuma, kila upande. Andika namba sita. Kama namba zinapungua kuelekea nyuma, bodi inainuliwa na kitu kilicho mbele. Kama ni sawa mbele na nyuma, kingo za chini zimejikunja ndani na zinakaa juu ya chesisi badala ya kuikumbatia. Hapo unazitanua kidogo kwa vidole wakati wa kuingiza, habari imekwisha.

Halafu majaribio, bila tone la gundi. Kwanza bodi na chesisi tupu. Zikikaa, hakuna kilichopinda. Pili rudisha beseni. Pengo likirudi, mgomvi ni beseni. Tatu paka lipstiki nyembamba juu ya dashibodi na juu ya ule ukuta unaotenga injini na abiria, shusha bodi wima, bonyeza mara moja, inua wima. Tazama ndani ya bodi na ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Palipopata alama ndipo panapogonga. Bodi yako ni nyekundu, kwa hiyo tafuta lipstiki ya zambarau. Ifute kwa maji na sabuni, tina usiiguse, inakula plastiki na rangi pamoja.

Raskazone
Mnamzungusha mwenzenu. Epoksi ya mirija miwili, ile ya kukauka polepole, tone kwenye kila kishikizo, raba bendi tatu juu ya kitambaa laini, saa 24. Plastiki ni laini, itakubali.

Bi_Makorora
Itakubali leo, kaka Raskazone, kesho itadai haki yake. Bodi iliyobanwa kwa nguvu inabaki inavuta. Sehemu dhaifu kuliko zote kwenye 240Z ni zile nguzo mbili nyembamba za kioo cha mbele, na mvuto wote unaishia pale. Ikikaa kabatini wiki kadhaa, tena kabati la dirishani na jua hili letu la Tanga, ama epoksi inaachia upande mmoja ama nguzo inapata ufa kama unywele. Ufa ukipita kwenye rangi nyekundu, huna pa kuuficha.

Gundi unatia kwenye vipande ambavyo vimeshakaa vyenyewe. Isitumwe kuvikalisha.

Raskazone
Dada, kwa pengo la nusu milimita nguzo haivunjiki.

Bi_Makorora
Nusu milimita umeitoa wapi? Mwenyewe bado hajapima.

KibokoMsasa
Piga hesabu kabla ya kubishana. 240Z halisi ina urefu wa mita 4.1 na ushee. Gawa kwa 24 unapata kama milimita 171. Bodi nyingi za namna hii zinachomekwa nyuma kwanza halafu zinashuka mbele, kama kifuniko cha sanduku. Dashibodi iko kama milimita 100 kutoka nyuma. Kitu kikizuia milimita 1 pale kwenye dashibodi, puani inakuwa 1.7. Maana yake ukiona pengo kubwa mbele usiogope, cha kuondoa ni kidogo kuliko unachokiona. Wengi wanasaga kwa kufuata pengo la mbele, bodi inazama, matairi yanakwaruza madigadi.

Na kabla ya kusaga kwangua rangi. Koti tatu na vanishi juu yake, kila uso unaweza kubeba karibu milimita 0.1. Nyuso mbili zikikutana tayari una 0.2. Wembe tu, kwenye vishikizo vya ndani visivyoonekana.

Ngamiani_14
Haya yote mtu angeshajaza puti, ameshapiga msasa, amekwenda kunywa chai. Tena gari la Safari! Mpake matope pale chini ya milango, nani atachungulia?

KibokoMsasa
Ngoja nieleze puti kwa urefu, maana kila siku tunaambiwa puti.

Kuna gari moja la 1/24 lilipita Ngamiani humu humu, nalo lilijazwa pengo chini ya mlango kwa puti ya magari, ile ya poliyesta yenye kikaushio kwenye mrija. Pengo lilikuwa zaidi ya milimita 1, na mtu akalijaza kwa mkupuo mmoja. Kikaushio akakiongeza ili ikauke haraka. Puti ile inatoa joto inapoganda, na ukizidisha kikaushio, au ukiweka tabaka nene, joto linazidi. Ukingo wa mlango una unene kama wa milimita 1. Ukalegea, ukavimba nje. Akausaga mpaka ukanyooka, kumbe sasa amekula ile mistari ya mlango. Akaichonga upya kwa ncha ya sindano, lakini puti ni ngumu kuliko plastiki, kwa hiyo sindano ikawa inakimbilia upande wa plastiki kila ikifika mpakani. Mstari ukatoka kama njia ya kondoo. Akahamia puti ya mrija mmoja, ile inayokauka kwa hewa. Ile nayo inapungua kadiri majimaji yake yanavyotoka, na uso unaonekana mkavu wakati ndani bado. Akapiga rangi siku ya pili. Baada ya wiki mbili pengo likarudi kama bonde jembamba, linaonekana ukiliinamisha gari kwenye mwanga wa dirisha. Na kubwa kuliko yote: bodi na chesisi vilikuwa vimeshikana moja kwa moja, kwa hiyo kila msasa uliopita ulikwaruza rangi ya mlango na hakuna kilichoweza kufunguliwa.

Puti si mbaya. Ni kwa mashimo na alama za pini zinazoachwa na kalibu ya kiwandani, tabaka la nusu milimita kwenda chini, kabla ya rangi. Kwenye mpaka wa vitu viwili vinavyotakiwa kuachana, haina kazi.

Ngamiani_14
Huyo alikosea kuchanganya. Puti haina kosa.

Bi_Makorora
Pongwe, wewe ukishajua panapogonga, usisage juu ya dashibodi, panaonekana kupitia kioo. Geuza beseni, saga chini. Gandisha msasa namba 240 juu ya kipande cha kioo bapa, kalisha beseni, sugua kwa mwendo wa namba nane, mara kumi, kisha lizungushe, mbele iwe nyuma, na usugue kumi nyingine ili usile upande mmoja. Jaribu kwenye bodi. Rudia. Usizidi nusu milimita bila kupima unene wa sakafu yake. Ukishuka zaidi, handaki la giaboksi, ule mgongo wa katikati ya sakafu, litaanza kugonga chesisi na utadhani hujasaga kitu. Hapo kwangua handaki kwa ndani.

Ukisaga kupita kiasi, kikombe cha mtindi kinaokoa. Tazama chini yake: pembetatu yenye namba 6 ni polistaireni, plastiki ileile ya modeli, inashika kwa gundi ya modeli. Namba 5 usihangaike nayo, haishiki. Kata vipande, panga kimoja kimoja chini ya beseni mpaka urefu urudi.

Na asije mtu kukushauri maji ya moto. Polistaireni inalegea ikikaribia nyuzi 100, na kwenye bodi yenye rangi na vioo, zile nguzo zitalegea kabla ya ukingo wa chini.

Raskazone
Supagluu na magadi je? Inaganda papo hapo, na unaisaga kama plastiki.

Bi_Makorora
Kwenye bodi yenye vioo? Mvuke wa supagluu unatua kwenye kioo, unaganda na unyevu wa hewa, kioo kinakuwa kama kimepuliziwa pumzi. Karibu na kioo ni gundi nyeupe ya mbao, inakauka inang'aa.

Mwambao72
Samahani, natoka kidogo nje ya mada. Hiyo 240Z ni ya 1971 au ya 1972? Maana ilishinda yote miwili.

FundiTupa
Haikushinda 1972. Mwaka ule alichukua Hannu Mikkola na Ford Escort. 240Z ilishinda 1971 kwa Edgar Herrmann, na 1973 kwa Shekhar Mehta.

Mwambao72
Herrmann si alishinda 1970?

FundiTupa
Alishinda na 1970, lakini kwa Datsun 1600 SSS, gari jingine kabisa. Nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 ni ya 1971.

Raskazone
Na gari la Safari halikai chini kama la mjini. Akiliacha limenyanyuka kidogo ndio uhalisia wenyewe.

KibokoMsasa
Gari la Safari linanyanyuka kwenye springi. Hapa bodi ndiyo imeachana na chesisi. Ukitaka kulinyanyua, weka vipande vya mtindi kwenye ekseli, nne sawasawa.

Pongwe_Z
Nimerudi na fila geji. Kulia mbele 0.8, katikati 0.5, nyuma 0.2. Kushoto 0.5, 0.3, 0.1. Lipstiki imeshika juu ya ukuta wa injini upande wa kulia tu, dashibodi safi kabisa. Nikichungulia pale naona kitako cha kijiti cha fremu, ile inayoshikilia vipande vinapotoka kwenye boksi, hakikukatwa vizuri, kimebaki kama punje ya mtama. Swali: nikikikwangua na rangi ikibanduka kidogo kwenye boneti, nipulizie tena? Huku mvua haikatiki.

Bi_Makorora
Kata kwa wembe, malizia msasa 600 uliokunjwa. Kisha pima tena, kwa sababu punje ile ni ya kulia na kushoto nako una 0.5, huenda koti za rangi zinachangia. Kupuliza rangi ya tina mvua ikinyesha, hapana. Tina inakimbia haraka, uso unapoa, unyevu unatua juu ya rangi, nyeusi inageuka ukungu mweupe. Ngoja jua la adhuhuri, au tumia brashi ndogo na rangi ya maji.

Ngamiani_14
0.8 hiyo ndiyo saizi ya puti yenyewe.

FundiTupa
Pongwe, beseni limegandishwa au liko huru? Hujajibu tangu mwanzo.