Printa haitoi majenta, picha zote kijani: tupeane uzoefu

Mkata_Pasipoti
Kuna mtu kalalamika picha za pasipoti zinatoka na sura za kijani, na kila mmoja anamwambia anunue wino mpya. Jamani! Kijani maana yake majenta (wino wa pinki iliyokolea) haishuki, siani (bluu ya anga) na njano zimebaki peke yao. Picha ikiegemea wekundu na chungwa, siani ndiyo haipo. Ikiwa na uzambarau, njano imekata. Wenye Epson za matangi (L3110, L3210, L3250), mwageni mnayoyajua. Mtu aanzie wapi?

Sirinji_Tupu
Aanzie kwenye karatasi ya nozo, yaani ya kupima matundu ya wino, asikimbilie sirinji. L3110: zima mashine, shikilia kitufe cha kusitisha huku unawasha, taa ikianza kumeta achia. Zitatoka ngazi nne za vistari, kila rangi na yake. Chapa tena palepale bila kusafisha, kisha weka karatasi mbili bega kwa bega.

Mapengo yakibaki mahali palepale, wino umekaukia kwenye matundu ya hedi, kile kichwa kinachorusha wino. Mapengo yakihama, au rangi ikianza vizuri juu ya ukurasa na kufifia ikishuka, hedi haina ugonjwa: ni hewa kwenye mrija au wino hauvutiki. Angalia tangi, ukiwa chini ya mstari wa chini ongeza. Rangi zote zikipotea kwa pamoja, usipoteze muda na hedi, nenda kwenye kifuniko inapopumzikia hedi na pampu yake. Dondosha maji safi kidogo kwenye sponji ya kifuniko, amuru usafishaji. Maji yakibaki pale pale, pampu haivuti au mrija wake umechomoka.

Usafishaji wa kawaida: shikilia kitufe cha kusitisha sekunde 5. Safisha, chapa nozo, safisha, chapa nozo, mwisho mara 3. Hapo zima kwa kitufe chake, iache saa 12 bila kuchapa. Kulala kunasaidia kweli, kwa sababu mapovu hupanda yenyewe na wino mkavu hulainika. Isipokubali ndipo uende kwenye usafishaji mkubwa wa kwenye programu ya kompyuta, na kila tangi liwe na angalau theluthi moja ya wino. Ukiufanya matangi yakiwa matupu, unavuta hewa hadi kwenye hedi, unaongeza tatizo.

BintiStesheneri
Kweli tupu. Watu wanasafisha mpaka sponji ya taka, inayonyonya wino wa usafishaji, inajaa, halafu mashine inagoma kabisa wanasema ni kurogwa.

Fundi_Bisibisi
Saa 12 za nini, mteja amesimama mlangoni? Chukua dawa ya kusafishia vioo, dondoshea kwenye kifuniko, hedi ikae juu yake nusu saa. Kazi imeisha.

Sirinji_Tupu
Mkuu, dawa nyingi za vioo zina amonia na manukato. Unaweza kuondoa wino na gundi ya hedi pamoja. Tumia maji yaliyotoneshwa, ya uvuguvugu.

Fundi_Bisibisi
Yaani maji ya betri. Sema hivyo watu wakuelewe.

BintiStesheneri
Someni kibandiko kabla ya kuwaambia watu hivyo! Duka la spea linaweka maji ya betri na asidi ya betri rafu moja, na chupa zinafanana. Ukimimina asidi kwenye hedi hakuna majenta tena wala printa.

Kaka_Utepe
Mnabishana maji gani, wakati kinachoua ni maji kwenda pasipotakiwa. Kuna L805 ya studio fulani, ile ya rangi sita, ilikosa majenta hafifu tu. Fundi akatoa kichujio, akaunga mrija wa sirinji kwenye chuchu ya hedi inapoingilia wino, akasukuma dawa ya kusafishia kwa nguvu zote. Dawa ikarudi juu, ikaloanisha utepe mweupe (waya bapa wa umeme) unaoingia kwenye hedi. Hakuukausha. Akawasha.

Taa zote zikazima. Fyuzi ya bodi imekatika. Akabadilisha fyuzi, ikakatika tena, kwa sababu hedi yenyewe ilishapiga shoti. Bodi ikafuata. Rangi moja hafifu imezika hedi na bodi!

Sirinji haisukumwi. Weka mililita chache, vuta na kurudisha taratibu, ukisikia ukinzani acha, loweka. Ukilazimisha, kuta za ndani zinaachana na rangi zinaingiliana. Utepe uchomoe kabla, ufute ncha zake, ukauke kabisa ndipo uurudishe.

Mkata_Pasipoti
Innalillahi. Hedi ya L805 peke yake inapatikana?

Mchapa_Vikombe
Yupo aliyeweka wino wa kuhamishia picha kwenye vikombe ndani ya tangi moja tu, tatu zimebaki na wino wa kawaida. Naye anauliza kwa nini rangi hazilingani.

Nuru_ya_Kopi
Mimi nina HP ya katriji mbili. Haya ya matangi na mirija yananihusu?

Sirinji_Tupu
Hapana dada, kwako ni rahisi zaidi maana hedi iko kwenye katriji yenyewe. Katriji mpya, hakikisha utepe wa plastiki umetoka wote. Ya zamani, ile ya rangi, ikandamize kwa upole juu ya tishu yenye unyevu, sekunde chache. Lazima ibaki mistari mitatu: siani, majenta, njano. Mstari mmoja ukikosekana, chombo hicho kimekauka au matundu yameziba, rudia na maji ya uvuguvugu. Usiendelee kuchapa rangi ikiwa imeisha. Katriji hizo zinachemsha wino ili kuurusha, na bila wino vihita vinaungua.

Fundi_Bisibisi
Au nunua mpya upumzike.

Nuru_ya_Kopi
Tishu imetoa mistari yote mitatu. Kopi ya moja kwa moja nayo ina rangi. Nikituma kutoka kompyuta tu ndiyo nyeusi na nyeupe.

BintiStesheneri
Basi printa yako nzima. Fungua mipangilio ya kuchapa, toa tiki ya rangi ya kijivu. Angalia na aina ya karatasi uliyochagua. Ikikataa, futa dereva (programu ya printa kwenye kompyuta) iliyojiweka yenyewe, pakua ya modeli yako.

Nuru_ya_Kopi
Tiki ilikuwepo 😂

Fundi_Bisibisi
Na mimi nilikuwa nishapasha maji.