Maghorofa ya kifahari yanakuja mtaani kwetu, sisi wenyeji tumeambiwa mwishoni kabisa

Wakuu nimevumilia ila leo nasema yote. Kiwanja cha wazi mtaani kwetu kimeshauzwa, yanakuja maghorofa ya kifahari, geti, walinzi, jimu, bwawa la kuogelea, na paking ya chini ya ardhi inayoshuka ghorofa mbili. Sisi tunaoishi hapa tumejua lini? Juzi tu, kwa sababu tangazo walilibandika kwenye uzio upande ambao hapiti mtu, maandishi madogo, na muda wa kupeleka pingamizi ulikuwa unakaribia kwisha. Eti huo ndo ushirikishwaji!

Kwenye mkutano wa wenye mradi na sisi wakazi ndo nilichemka kabisa. Wamewasha projekta, picha nzuri nzuri, miti kila kona, watu wanatabasamu, na hakuna hata mmoja anayefanana na jirani yangu yeyote. Mama mmoja mtu mzima akasimama akauliza, bomba la maji taka la mtaa huu ni lile lile la zamani, mvua ikinyesha kidogo linafurika mpaka mlangoni kwangu, sasa nyie vyoo vyote hivyo vipya mnaviunganisha wapi? Jamaa wa mradi anajibu wataalamu wanalifanyia kazi. Akaulizwa ripoti ya tathmini ya mazingira iko wapi tuisome, akasema itatolewa muda ukifika. Muda gani, wakishamwaga zege? Halafu ikapitishwa karatasi ya mahudhurio tusaini, wengi wakasaini bila kusoma, na mimi naogopa karatasi hiyo hiyo ndo itaenda ofisi ya mipango miji kuonyesha kwamba wananchi tumekubali.

Na hiyo paking ya chini msiichukulie poa. Ukichimba kina kile na maji ya ardhini yako juu lazima uyanyonye kwa pampu muda mrefu, udongo wa jirani nao unakauka unashuka, na nyumba zetu nyingi ni za zamani zina misingi mifupi, ukuta unapasuka. Ongeza na mtikisiko wa kugonga nguzo za msingi ardhini. Ukienda kudai fidia utaambiwa ufa ulikuwepo. Kwa hiyo kila mtu apige picha kuta zake zote SASA HIVI, ndani na nje, picha ziwe na tarehe, atunze.

Kuna wanaotuambia tunapinga nyumba wakati watu hawana pa kuishi. Hapana jamani, tujengewe nyumba za watu wa kawaida mtaani hapa, mimi wa kwanza kushangilia. Zile za kifahari nani kati yetu atapanga? London kulikuwa na mtaa wa nyumba za umma unaitwa Heygate, nyumba zaidi ya 1,000, wakavunja wakajenga mpya nyingi zaidi, ila za kodi ya chini kama ile ya zamani zilikuwa chache mno, kama 100 hivi, waliokuwa wanaishi pale wakatawanyika. Na hata ambaye havunjiwi hayuko salama, mwenye nyumba akiona mnara umesimama pale anapandisha kodi ya chumba kile kile chenye paa linalovuja, mpangaji anahama, mtoto anabadilishwa shule katikati ya mwaka.

Msiniambie pia kwamba wenye hela na wakubwa hawashindwi. Berlin mwaka 2014 serikali ya jiji ilitaka kujenga pembeni ya uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, wananchi wakakusanya sahihi, ikapigwa kura, mpango ukakataliwa, na uwanja uko wazi mpaka leo watu wanapumzika.

Sasa tufanye hivi. Pingamizi moja lenye sahihi nyingi ni zuri, lakini ofisi nyingi zinalihesabu kama barua moja, kwa hiyo kila kaya iandike barua yake kwa maneno yake, useme kinachokugusa wewe, maji taka, kivuli, vumbi, foleni, chochote kile, na udai ripoti ya tathmini kwa maandishi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wasije wakasema haikufika. Wapangaji na nyie andikeni, hii sio ya wenye nyumba peke yao. Na asiyeweza kuandika aje kwangu jioni, tutamwandikia anavyosema yeye, tutamsomea, halafu atasaini mwenyewe.