Gari inakufa chaji kila asubuhi: nianze na betri mpya au altaneta ya mtumba?

Mbezi_Juu
Wakuu habari za jioni. Gari yangu asubuhi haiwaki. Nikigeuza ufunguo inalia tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Jirani akinishtua kwa waya toka betri yake inawaka mara moja, nazunguka nayo kutwa bila shida, kesho yake yale yale. Fundi wa kwanza kasema betri imekufa, ninunue mpya. Wa pili kasema altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, haichaji, na anayo ya mtumba tayari ananisubiri nilete hela. Mwezi huu naweza kimoja tu. Nianze na kipi? Jumamosi nategemea kwenda Morogoro na familia.

Chuma_Temeke
Mkuu, gari gani? Ya mwaka gani? Betri ina umri gani? Ile taa nyekundu ya betri inawaka ukiwa unatembea au haiwaki? Umeleta ugonjwa bila kumleta mgonjwa.

Pwani_Tulivu
Nunua betri kavu, ile isiyoongezwa maji, uwe na amani. Mimi nina miaka na Chloride Exide na sijawahi kushtuliwa na mtu. Altaneta hazifi kirahisi hivyo, huyo fundi wa pili anauza mzigo wake.

Fundi_Waya
Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta multimita, kile kipimo cha umeme. Hata ile ndogo ya njano inatosha, iweke kwenye volti DC 20. Pima mara tatu.

Ya kwanza, asubuhi kabla hujagusa mlango. Betri iliyojaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 ipo nusu, ikishuka chini ya 12 haina kitu. Ya pili, mtu apige self (ageuze ufunguo kuwasha injini) wewe ukiwa umeshikilia nyaya za kipimo kwenye nguzo za betri. Kama betri ilikuwa imejaa na bado inaporomoka chini ya 9.6, betri ni mgonjwa. Ya tatu, gari ikiwa inawaka, taa kubwa na feni ukiwa umewasha: unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu hapo ndipo tuanze kuzungumzia altaneta, na hata hapo tunaanza na mkanda, kile kiplagi kidogo cha nyuma na fyuzi yake. Ikivuka 15 regyuleta, kidhibiti cha volti cha altaneta, imeharibika, itachemsha hata hiyo betri mpya.

Na upime kwenye nguzo ya risasi yenyewe, usipime kwenye kibano cha waya. Kama kuna ule unga mweupe au wa kijani, vipimo viwili hivyo havitafanana, na huenda ugonjwa wote uko hapo.

Mbezi_Juu
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Ni IST ya 2004, injini 1NZ. Betri niliikuta nayo nilipoinunua, sijui umri. Taa nyekundu inazima vizuri nikishawasha. Nimefunga amplifaya na spika za nyuma, na kitrako cha kufuatilia gari lilipo. Multimita naazima kesho.

Chuma_Temeke
Amplifaya na kitrako ndiyo unavitaja sasa hivi! Hayo ndiyo yalitakiwa yawe mstari wa kwanza.

Mzee_wa_Uyole
Mimi nitakuwa tofauti na wengi. Chukua betri ya maji, achana na hizo kavu. Ya maji unafungua vifuniko, unaona maji yameshuka wapi, unaongeza. Ukiwa na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ya betri, unapima seli moja moja. Betri ina seli 6, tano zikisoma 1.26 na moja ikasoma 1.10, umejua palipooza. Betri kavu ikifa inakufa na siri yake.

Pwani_Tulivu
Mzee wangu, heshima yako. Uyole kuna baridi. Huku Dar joto linakausha maji mapema, na nani ana muda wa kufungua vifuniko kila mwezi? Tena watu wanaongeza maji ya bomba, wengine wanamimina asidi. Ikifika hapo betri umeiua mwenyewe.

Mzee_wa_Uyole
Maji yanayotakiwa ni yale yaliyosafishwa ya betri, yanauzwa duka lolote la spea. Asidi haikauki, kinachopungua ni maji, kwa hiyo asidi huongezi. Hilo ni la kumfundisha mtu, si la kuikimbia betri.

Kimara_Stopover
Njia rahisi kuliko zote: washa gari, kanyaga mafuta kidogo, chomoa terminali ya negativu. Gari ikizima, altaneta mbovu. Mafundi wetu wamefanya hivyo tangu enzi za Datsun.

Bi_Chalinze
Kaka, hilo usilishauri tena. Ngoja nieleze yaliyonipata.

Nilikuwa natoka Dodoma na Premio, nimefika karibu na Chalinze jua linazama, taa ya betri ikawaka. Nikasimama penye mafundi wa barabarani. Kijana mmoja akafungua boneti, akamwambia mwenzake akanyage mafuta, akachomoa terminali injini ikiwa inalia. Taa za mbele ziling'aa kwa ghafla hata nikafunga macho, kisha giza, injini kimya. Aliporudisha waya gari haikuwaka tena. Self inapiga vizuri, lakini cheche hakuna, pampu ya mafuta hailii, taa ya injini haijitokezi kabisa. Kijana akaanza kuniambia gari lilikuwa na matatizo toka mwanzo. Tulilala pale na watoto ndani ya gari. Asubuhi nikavutwa na briki dauni hadi Dar.

Huku wakapima: kontroli boksi, kompyuta ya gari, imeungua. Nikanunua nyingine ya mtumba, ikabidi iingiliane na funguo zangu, siku zikapita. Taa ya ABS imebaki inawaka hadi leo. Na ile altaneta? Ilikuwa nzima. Mkanda ulikuwa umelegea na una mafuta, unateleza. Wangeukaza tu ningefika nyumbani usiku ule. Aliyechomoa waya hakunilipa hata pole.

Fundi_Waya
Pole sana dada. Ndivyo inavyokuwa. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla wakati altaneta inazalisha, volti zinaruka juu mno kwa muda mfupi, na vifaa vya kompyuta havivumilii. Datsun ya zamani haikuwa na kompyuta ya kuungua. Daiodi za altaneta yenyewe, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, pia zinaweza kwenda.

Kimara_Stopover
Pole dada. Mimi nimefanya kwenye magari mengi na halijatokea, ila nimekuelewa.

Donholm_254
Habari za Bongo. Niongeze jambo la Honda, maana huku Nairobi nimeona watu wakibadilishiwa altaneta bila sababu. Fit inaweza kusoma 12.5 hivi injini ikiwa inawaka na bado iko sawa. Kompyuta yake ikiona huna mzigo inashusha chaji ili kubana mafuta. Washa taa kubwa na AC, itapanda hadi 14 na zaidi. Fundi asiyejua hilo atakuambia imekufa.

Mbezi_Juu
Nimepima. Jana jioni nilipozima gari 12.5. Leo asubuhi 11.7. Baada ya kushtuliwa, ikiwa inawaka na taa kubwa, 14.1. Sasa hapo?

Fundi_Waya
Hapo umeokoa pesa ya altaneta, angalau kwa sasa. Inachaji. Kinachobaki ni viwili: betri imechoka haitunzi, au kuna kitu kinanyonya usiku. Leo jioni chomoa terminali ya negativu gari ikiwa IMEZIMWA, asubuhi pima. Ikibaki 12.5, kuna mnyonyaji. Ikishuka yenyewe bila kuunganishwa na chochote, betri ndiyo.

Kama ni mnyonyaji, weka multimita kwenye ampea 10, iunge kati ya nguzo ya negativu na waya wake. Funga milango yote, subiri nusu saa gari ilale. Usipige self wala kuwasha chochote hapo, utaunguza kipimo. Ikizidi 0.05 anza na amplifaya: ule waya wake mwembamba wa kuamshia mafundi wengi wanaunga moja kwa moja, kwa hiyo hailali. Kisha kitrako, kisha fyuzi moja moja. Zikiisha zote bila kushuka, shuku daiodi ya altaneta inayovujisha umeme kurudi. Ndiyo maana nimesema "kwa sasa". Inaweza kuchaji 14 mchana na kunyonya usiku.

Chuma_Temeke
Nakubali vipimo, lakini betri iliyoshuka hadi 11.7 mara nyingi hivyo tayari imeumia hata ukimpata mnyonyaji. Mimi ningenunua betri mpya kabla ya Jumamosi. Safari na watoto si ya kujaribia.

Pwani_Tulivu
Naunga mkono. Kavu.

Fundi_Waya
Na mnyonyaji akiwepo, ataila na mpya. Kama safari haiahirishiki, chomoa amplifaya uende.

Donholm_254
Ukinunua, soma maandishi ya juu. Saizi na herufi ya mwisho, L au R, ziwe kama za betri iliyomo. Ukiuziwa herufi nyingine nguzo zinakuwa zimebadilishana upande, waya hazifiki au mtu anazigeuza kwa haraka.

Mwanza_Ziwani
Nami naomba msaada hapo hapo. Demio yangu ina i-stop, ile inayozima injini ukisimama, betri iliyokuja nayo imeandikwa Q-85. Duka wanasema hiyo ni jina tu, niweke ya kawaida bei nusu. Ni kweli?

Mzee_wa_Uyole
Zima hiyo i-stop uweke ya kawaida, ya maji.

Fundi_Waya
Q-85 ni ya kuzima na kuwasha mara nyingi, ya kawaida haitadumu humo kama i-stop inafanya kazi. Lakini swali la kwanza: i-stop yako bado inazima injini kwenye foleni, au iliacha zamani? Na ya mwaka gani?