Mrejesho: mbwa na fataki za mkesha wa Mwaka Mpya

Wakuu, asanteni. Niliuliza namna ya kumtuliza mbwa anayetetemeka na kuruka ukuta fataki zikilia. Kilichosaidia zaidi ni chumba cha ndani: mapazia mazito, feni na redio vikiwashwa saa 12 jioni, kabla ya mlipuko wa kwanza. Matembezi na haja vilimalizwa jua halijazama. Gabapentini (dawa ya kutuliza) aliyoandika daktari wa mifugo alipewa saa 4 usiku, yaani masaa 2 kabla ya fataki za saa 6. Dozi ya majaribio alishapewa wiki iliyotangulia.

Kilichofeli: kumzoesha kwa fataki za kurekodi. Wiki 2 hazitoshi, huanzwa miezi kabla, tena kwa sauti ya chini. Saa 6 bado alihema na kukataa nyama, ila mlango hakuukwaruza.