Naomba ushauri: nimemdai mkulima wa mwani mbele ya wenzake

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Ninanunua mwani mkavu huku Micheweni, Pemba, na huwakopesha akinamama kadhaa kamba za kufungia mwani ili wanilipe kwa mwani wakati wa mavuno. Kaskazi iliyopita maji yalipata joto, mwani ukaoza kambani kabla ya kukomaa, na mama mmoja mjane akashindwa kulipa kwa miezi mitatu. Nilimdai kwa sauti penye mizani, watu wote wakisikia. Hakujibu neno; alijitanda kanga yake akaondoka, na tangu siku hiyo wenzake huniuzia kwa kuwa hawana budi tu, wala hawakai tena kuzungumza. (Mama yangu mzazi alilima mwani, kwa hiyo siwezi kusema sikujua hali zao.)

Kulisamehe deni lote siwezi, maana mtaji wenyewe ni wa kukopa. Je, nikamtake radhi nyumbani kwake, au palepale mizanini nilipomvunjia heshima? Na malipo niyapangeje yafuate bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa sana, ambapo ndipo wanapovuna, bila ya wale waliokwisha kulipa kuona kwamba wameonewa?