Naombeni ushauri: ngitili yetu inalishwa usiku na wenzangu wameanza kukata tamaa

MwaliWaKishapu
Habari za humu wakuu, na shikamooni mlionizidi. Naandika nikiwa na mawazo mengi, naomba mnisome hadi mwisho.

Niko kijiji kimoja wilaya ya Kishapu, Shinyanga. Huku maisha ni pamba, mtama na ng'ombe. Msimu huu mvua ya Novemba ilichelewa, tukapanda pamba ikanyauka, tukapanda tena. Januari mvua ikakata kabisa. Wazee wanasema zamani hata ikichelewa ilikuwa haikati namna hii. Kuna usiku usingizi haunipati, nawaza mwanangu akifika umri wangu atalima nini.

Kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kiliamua tusikae kulalamika tu. Tuliiomba serikali ya kijiji eneo la kilimani lililokuwa limebaki kipara, tukaligeuza ngitili, yaani malisho ya akiba yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Visiki vya migunga vilikuwa vingi, vimekatwa juu lakini chini vina uhai. Tukajifunza kuchagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine tunapogoa, tunafunga kitambaa ili mpita njia ajue mti huu una wenyewe. Huu ni msimu wa pili. Nyasi zimerudi, na migunga mingine imeshanipita kimo.

Tatizo ni kwamba kuna mtu anaingiza mifugo usiku. Asubuhi tunakuta nyasi zimeliwa hadi chini na machipukizi yamevunjwa. Kikao kilichopita tulifika wachache sana. Nitawarudishaje wenzangu? Na nyie mnaoumizwa na haya mambo ya tabianchi, mnapata wapi moyo wa kuendelea, wakati usiku mmoja unafuta kazi ya watu wote?

Chalii_Kimandolu
Nimeweka kiti hapa, ngoja waje wataalamu.

MzalendoTegeta
Dada yangu, ng'ombe mnawaonea. Adui ni mkaa. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania tupike kwa nishati safi ifikapo 2034, sasa jiulize kijijini kwenu wangapi wana mtungi wa gesi. Mimi nyumbani nimepiga marufuku mkaa. Mke alinuna mwezi mzima, leo ndiye anawahubiria majirani. Anzeni na majiko, miti itajiotea yenyewe.

MwaliWaKishapu
Asante kaka. Majiko banifu tunayo, tumejengeana kwa udongo. Ila swali langu ni la mifugo.

Pwani_Yetu
Salamu kutoka Gazi, Kwale, Kenya. Pole sana dada. Hapa kwetu mikoko ilikatwa kwa kuni na kwa ujenzi hadi samaki wakapungua. Tangu 2013 tuna Mikoko Pamoja, Gazi na Makongeni: tunalinda hekta 117 za mikoko, tunauza hewa ya ukaa, yaani wanunuzi wanatulipa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, na pesa inarudi kijijini. Watu hawakuamini kwa kuhubiriwa. Waliamini maji yalipofika, na shule zilipopata vitabu. Vanga nao wakafuata 2019. Kwa hiyo tafuteni mnunuzi wa kaboni, mambo yatanyooka.

BabuWaMbugani
Mwangaluka binti. Huyu wa Gazi kasema la maana, lakini kaboni ni safari ndefu na wewe una ng'ombe ndani ya nyasi usiku wa leo.

Nikukumbushe unakoishi. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Wakoloni walifyeka mapori kuua mbung'o, pamba ikala yaliyobaki, halafu Operesheni Vijiji ikatuhamisha na ngitili za ukoo zikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1986, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza, ngitili zilizojulikana mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600. Ulipofungwa 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mwanzoni walituletea miche ya kitaluni, watu wakaitazama tu. Mambo yalibadilika walipotuuliza sisi wazee, tukawaambia fungeni eneo, visiki vina akili yake.

Ukitaka mahali pa kupata moyo, usitafute mbali. Unakanyaga juu yake.

Sasa nijibu. Hao ng'ombe ni wa nani?

MwaliWaKishapu
Marahaba mzee wangu, samahani, shikamoo! Nimesoma maneno yako mara mbili mbili. Ng'ombe ni wa mtu mmoja mwenye mifugo mingi, ana sauti hapa kijijini. Sidhani kumtaja kunasaidia.

BabuWaMbugani
Marahaba. Kunasaidia sana. Huwezi kuniuliza dawa huku umeficha panapouma.

LeluOlosho
Mzee yuko sahihi. Sisi Wamaasai tuna alalili, nyasi za ndama na ng'ombe dhaifu, na kila mtu anajua ng'ombe wa nani kaingia. Januari 2022 ng'ombe walikufa Simanjiro na Longido, mizoga ikatapakaa mbugani. Baba alipoteza karibu zizi zima. Tangu hapo haongei sana. Hivyo dada, mwenye ng'ombe naye anaogopa, usimwone mwizi tu. Sema ni nani.

MwaliWaKishapu
Sawa. Ni baba mkwe wangu.

Msikimbilie kunihukumu. Mimi ni mgeni hapa, nimeolewa, lakini akina mama walinichagua katibu kwa sababu nimefika kidato cha nne na naandika muhtasari. Nimevumilia. Nimempigia magoti, nimemwambia baba, hizo nyasi Agosti zitakuwa zako pia. Alinijibu kwamba ng'ombe hashibi ahadi ya Agosti. Ijumaa nimesaini barua kwa mtendaji wa kijiji. Jumatatu usiku sungusungu watavizia na kukamata, faini elfu hamsini kila kichwa kama tulivyokubaliana kwenye kikao. Nikimwacha yeye kwa kuwa ni mkwe, nitamwambia nani mwingine asiingize? Kila mwanamke aliyefunga kitambaa pale ananitazama mimi.

Mtumishi_Elia
Mithali 14:1, mwanamke mpumbavu huibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Unamshitaki aliyetoa ng'ombe wa mahari yako kwa ajili ya majani? Mumeo anasemaje?

MwaliWaKishapu
Mume wangu sijamwambia bado. Nitamwambia.

Chalii_Kimandolu
Kwa hiyo mahari inakula ngitili. Hii ndoa ina mzunguko mzuri wa virutubisho.

Dada_Sikujua
Mtumishi, aya uliyonukuu inaanza na mwenye hekima anayejenga. Wangari Maathai alianza na akina mama na miche 1977, akadhihakiwa na wakubwa, ndoa nayo ikavunjika, na 2004 akapewa Nobeli ya Amani. Simshauri dada avunje ndoa. Nasema tu kila mwanamke akisimamia kitu, mtu wa kwanza kuulizwa ni mume.

WakiliWaKata
Tuache ndoa kidogo. Mna sheria ndogo? Simaanishi muhtasari wa kikundi wala makubaliano ya kikao. Naulizia sheria ndogo iliyotungwa na halmashauri ya kijiji, ikajadiliwa mkutano mkuu wa kijiji, kisha ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Bila idhini hiyo faini yenu haina miguu. Mkikamata ng'ombe na kumtoza mtu, yeye ndiye atakayewashitaki, na atashinda.

MwaliWaKishapu
Mkutano mkuu ulipitisha. Wilayani imepelekwa, haijarudi. Mtendaji alisema tuendelee tu, itakuja. Kusubiri hadi lini? Nyasi zinaliwa sasa.

MamaKulwaNaDoto
Mimi nina langu. Mnasifia ngitili, mbona hamtaji fisi? Pori likirudi na fisi anarudi. Kwetu Maswa mbuzi wangu wamebebwa, na jioni watoto hawatumwi dukani. Kuna utafiti ulifanyika Shinyanga miaka ile ya 2000, ukakuta ngitili inaingiza kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kuni, dawa, asali, nyasi za kuezekea. Hiyo wanaitangaza. Lakini utafiti huo huo ulihesabu hasara ya wanyama kama dola 63 kwa familia kwa mwaka. Hiyo hawaitangazi. Mimi nataka miti, msinielewe vibaya. Nataka na zizi imara liwe kwenye mpango.

Halafu mwanangu, nikuulize kitu hakuna aliyekuuliza. Mzee mwenye ng'ombe wengi hachungi usiku mwenyewe. Nani anawapeleka?

MwaliWaKishapu
Mama...

Ni shemeji yangu mdogo. Ana miaka kumi na sita. Anatumwa, hana la kusema.

MamaKulwaNaDoto
Ndiyo maana hulali. Si mambo ya mvua peke yake. Unajua sungusungu wakimkuta mtu gizani na ng'ombe hawaulizi umri.

Kiberiti_Kimoja
Samahani, mimi nitasema wanachoogopa wengine. Hii ni chai, stori ya kutunga. Angalieni uzi ulivyopangwa: kwanza mifugo ya mtu fulani, halafu baba mkwe, halafu mtoto wa miaka kumi na sita. Kila mkibana anatokea mtu mpya. Na hii lugha ya "tabianchi" na "machipukizi mawili matatu" ni ya asasi inayotafuta wafadhili. Nimechimba: huyu mwaka juzi alikuwa humu humu anauliza bei ya marobota ya mitumba Mwanza. Leo ni mkulima wa Kishapu?

MzalendoTegeta
Duh. Na mimi niliandika kwa moyo wote.

Chalii_Kimandolu
Chai yenye maziwa ya ng'ombe wa mahari.

MwaliWaKishapu
Nilikuwa Mwanza, ndiyo, nauza mitumba Mlango Mmoja. Nikaolewa, nikahamia. Mtu haruhusiwi kuolewa? Neno tabianchi nimelisikia redioni kama wewe. Na machipukizi siwezi kuyaita vingine, ndiyo kazi yangu ya kila wiki.

Sikuwataja hawa watu mapema kwa sababu ni watu wangu. Ninakula nao sahani moja. Wewe ungeanza uzi kwa kumtangaza baba mkwe wako?

Kiberiti_Kimoja
Basi nijibu bila kwenda kutafuta. Ngitili inafunguliwaje, na wanaingia ng'ombe gani kwanza?

MwaliWaKishapu
Tunafunga mvua za kwanza zikianza. Tunafungua baada ya mavuno, ng'ombe wakishamaliza mabua ya mtama mashambani, Julai au Agosti. Hatufungui lote, tunafungua upande mmoja, ukiisha tunahamia mwingine. Wanaanza ndama, waliozaa karibuni na maksai wa jembe, maana hao ndio watalima mvua ikirudi. Mbuzi hawaingii kabisa, mbuzi anakula chipukizi hadi kwenye kisiki. Mwaka jana tulifungua upande wa mashariki tu kwa sababu wa magharibi miti ilikuwa bado midogo. Unataka na rangi ya vitambaa?

LeluOlosho
Huyo anajua ng'ombe. Kiberiti, zima.

Kiberiti_Kimoja
Sawa, nyasi unazijua. Nabaki na mashaka yangu kuhusu hilo la kijana, lakini sitaendelea.

BabuWaMbugani
Hata kama ni ya kutunga, vijiji vyenye jambo hili ni vingi, tujibu.

Binti, umesema mwaka jana mlifungua upande mmoja. Ng'ombe wa mkweo waliingia?

MwaliWaKishapu
Hapana mzee. Kikundi kiliamua waingie wa wanachama kwanza, tuliofanya kazi. Eneo lilikuwa dogo, hawangetosha wote.

BabuWaMbugani
Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta. Mzee aliambiwa asubiri Agosti, Agosti ikaja akakuta mlango umefungwa. Ngitili kwa asili ni akiba ya ng'ombe. Ukimtoa mwenye ng'ombe wengi kwenye akiba, ataichukua usiku, na huna sungusungu wa kulinda kilima kila siku. Zile ngitili zilizodumu wakati wa HASHI zilikuwa na dagashida, baraza letu la jadi la Wasukuma, nyuma yake. Wazee walikaa, wakagawa, kila zizi likajua fungu lake kabla ya faini kutajwa.

Mpeni fungu mbele ya watu. Ndama wake na maksai wake, idadi itajwe. Na yeye atoe kitu: huyo kijana wake awe mlinzi wa mchana wa ngitili, alipwe asali au nyasi za kuezekea. Mzee akishakuwa na chake ndani, atafukuza ng'ombe wa wengine kuliko ninyi wote.

MwaliWaKishapu
Mzee, akina mama watasema nimempendelea mkwe wangu. Wao walibeba mawe ya makinga maji mgongoni, yeye hakunyanyua hata moja. Halafu nimpe fungu kama zawadi ya kutuharibia? Barua imeshaenda. Nikiirudisha nitaonekana niliogopa nyumbani.

Dada_Sikujua
Hofu yako naielewa. Kwa hiyo usilipeleke wewe. Mwenyekiti wa kikundi alipeleke, na wewe siku hiyo uandike muhtasari tu, useme wazi kwamba una undugu na mhusika.

WakiliWaKata
Barua ya kuomba zoezi lisimame ina sababu nzuri ya kisheria: sheria ndogo haijaidhinishwa. Hakuna atakayeiita woga. Iandikwe na kikundi, wasaini watu zaidi ya mmoja, nakala iende kwa mtendaji wa kata. Omba pia kumbukumbu ya lini sheria ndogo ilipelekwa wilayani, na nani aliipokea. Ukipata jina na tarehe, utaweza kuifuatilia. Bila hivyo itakaa kwenye faili hadi mvua nyingine.

Pwani_Yetu
Hapa Gazi nasi tulianza kwa kuzozana na wakataji, na wengine leo wamo kwenye kamati. Usikate tamaa dada.

MamaKulwaNaDoto
Na mumeo aambiwe leo, kabla hajasikia kisimani. Yule ni mdogo wake wa damu.

MwaliWaKishapu
Nimesoma wote. La fungu sijakubali moyoni, siwadanganyi. Nitampelekea mwenyekiti, yeye alibeba mawe mengi kuliko mimi, ana haki ya kukataa. Barua ya kusimamisha naiandika usiku huu, kwa ajili ya yule kijana. Mume wangu yuko mnadani, anarudi jioni, nitaanza na yeye.

Wakili, nakala ya mtendaji wa kata inapelekwa kwa mkono au mtendaji wa kijiji ndiye anaipitisha?

WakiliWaKata
Kwa mkono. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.